Sikio la Kike

Siku wakwe zangu walipoleta mahari, wanaume wanne wazima walitimua mbio uani kwetu kwa sababu ya sikio la baba yangu.

Mmoja aliruka ukuta akiwa amekumbatia mbuzi.

Sitanii. Mpaka leo yule mbuzi akiniona anageuza uso.

Mimi naitwa Mianda, fundi wa nguo, nina cherehani yangu hapa Kapata, mjini Kolwezi, Kongo, kwenye zile nyumba za kampuni zilizopangwa mstari, zote sura moja. Mgeni akija mara ya kwanza lazima agonge kwa jirani.

Baba yangu, tata Lukusa, alikuwa mtu wa baruti. Miaka thelathini na moja alilipua mawe ya shaba mgodini. Sikio la kuume alilizika hukohuko. La kushoto lilibaki na uhai kidogo tu, na uhai huo ulitegemea kifaa.

Kifaa chenyewe tulimnunulia sisi watoto, kwa kuchangishana, kutoka Lubumbashi. Kinakaa nyuma ya sikio. Kina mrija wa plastiki, na mwisho wa mrija kuna kizibo kinachoingia sikioni. Mafundi wanakiita embout. Kizibo hicho hutengenezwa kwa kufuata sikio la mtu mmoja tu, kama gauni la harusi.

Shikeni hilo la gauni. Mimi fundi nilipaswa kulishika kabla yenu.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya mbio hizo wakwe walikuja mara ya kwanza kubisha hodi. Mchumba wangu Stéphane anaendesha lori kubwa la shaba, camion, huko Fungurume. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, tata Ngoyi, mzee wa kofia na fimbo, mwenye heshima zake na anayependa uzione.

Siku hiyo betri ya baba ilikuwa imekufa. Akaenda sokoni, akanunua betri ya saa kwa kuwa ni duara na inang'aa. Akaibana ndani, akakaa kwenye kiti chake, hasikii hata radi.

Tata Ngoyi akasimama, akasafisha koo.

"Mutoto wetu Stéphane iko anatumika ku Fungurume."

Baba, aliyekuwa anamsoma midomo, akakunja uso.

"Alifungwa? Juu ya nini?"

Tata Ngoyi hakulishika lile neno la kwanza. Na kwetu "juu ya nini" ni "kwa nini", lakini yeye akadhani mzee anauliza kijana anafanya kazi juu ya kitu gani.

"Juu ya camion, tata. Camion ya copper."

Baba akasimama.

"Mi siwezi kupatia mutoto wangu mwizi wa camion ya copper."

Jamani.

Nilimwangalia mama. Mama Mbelu alikuwa amekaa pembeni ya baba, kitenge begani, uso mpole. Nilimwomba kwa macho aseme kitu, amrekebishe mume wake. Mama akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.

Amekubaliana naye. Hilo ndilo lililoniuma. Baba ni kiziwi, tulijua. Lakini mama?

Tata Ngoyi alivaa kofia yake akatoka bila hata kumaliza soda. Mwaka mzima tulituma watu: mchungaji, shangazi wawili, mpaka daktari aliyemtibu jino. Mwishowe alikubali, lakini kwa sharti.

"Tutakuya mara moja tu. Muzee atajibu yeye mwenyewe, na mudomo yake. Akitutukana tena, njia ya Kapata tunaisahau."

Na kwetu sisi watu wa asili ya Kasai, baba ndiye anayemuuliza binti mbele ya wageni, mara tatu: tupokee vitu hivi? Hautatutapisha, yaani hautatufanya tuvirudishe? Hakuna wa kumsaidia. Asiposikia yeye, hakuna ndoa.

Basi nikaanza kulitunza lile sikio la baba kuliko ninavyotunza cherehani.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mbwa wa jirani akakitafuna kizibo.

Mbwa huyo anaitwa Directeur, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na wote wanamwogopa. Mbwa wanapenda harufu ya nta ya sikio, sikujua. Baba alikiweka kifaa dirishani kwenye leso. Kifaa kilipona. Kizibo kilibaki vipande vitatu na alama za meno.

Nikakimbilia sokoni kwa Ariel, fundi wa simu. Ariel hana kitu asichokiweza, kwa maneno yake. Hata hili aliliona jambo dogo.

"Hii kintu kiloko, mama Mianda. Ni écouteur tu."

Akavisha mpira wa zile spika za simu za kuchomeka sikioni. Baba akavaa, ukatoka wakati anapiga chafya, ukaangukia kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Tuliutafuta kwa uma.

Siku ya pili Ariel akaleta mpira wa valvu ya baiskeli. Huo ulikaa. Ulikaa sana. Tuliutoa kwa mafuta ya mawese, na sikio likanukia mawese mpaka Jumapili. Kanisani mzee mmoja alimuuliza wanapika nini kwao.

Nikaona hapana. Nikapiga simu Lubumbashi, kwa Elise, dada wa lile duka la vifaa vya masikio. Alikuwa na subira, akaniuliza kimojakimoja.

"Aparei ni ya namba gani?"

Nikamsomea namba ya kifaa.

"Pile?"

"Betri kumi na tatu. Ile ya kakaratasi ka orange."

"Tuyau yake nene ao mwembamba?"

"Mrija ni nene."

"Njo muzuri. Bitu ya aparei moya haiingie mu aparei ingine, mama. Na embout haiuzwe kama sapato, tunaifwatisha sikio ya mutu. Baudouin, technicien wetu, atapita Kolwezi siku ya ine. Atakuya kwenu kukamata forme ya sikio. Sasa, ni sikio gani?"

Nikafungua mdomo niseme kushoto.

Baba alikuwa amesimama mbele yangu. Hasikii, lakini akiona midomo inazungumzia sikio lake anajua, na hapendi lizungumziwe bila yeye. Alininyang'anya simu, akaguruma ndani yake kama yuko mgodini:

"Ni sikio ya mwanamuke!"

Akakata.

Nisieleweke vibaya. Kwa wazee wetu, mkono wa kulia ni wa kiume, wa kushoto ni wa kike. Baba hajawahi kusema kushoto maishani mwake. Ukimwomba akuelekeze stesheni atakwambia pinda upande wa wanawake. Mimi nimekulia humo, kwa hiyo nilisikia "kushoto" safi kabisa, nikarudi kwenye pindo langu.

Elise, kule Lubumbashi, aliandika alichosikia.

Baadaye akanitumia ujumbe: "Jina ya mama ni nani?"

Nikafikiri anataka mtu wa kumpokea Baudouin, maana baba hata geti likigongwa hasikii. Nikajibu kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye sindano: "Mama Mbelu, Kapata." Nikaongeza na maelekezo ya nyumba ili asigonge kwa jirani.

Mnaona mambo yanavyojipanga.

Alhamisi, hiyo siku ya nne, nilikuwa mjini kupeleka magauni ya kwaya. Baba alikuwa nyumba ya tatu anacheza dame, ule mchezo wa kete. Niliporudi mama alikuwa anachambua maharage.

"Mama, Baudouin alikuja?"

"Ndiyo."

"Alifanya kazi muzuri?"

"Kijana wa adabu," mama akasema. "Aliniwekea bukari mu sikio."

Nikacheka. Ile si ugali, ni unga laini wa kuchukulia umbo la sikio, lakini kwa rangi na ulaini mama hakukosea sana.

"Alikuwekea weye?"

"Ndiyo."

"Na baba pia alimuwekea?"

"Ndiyo, ndiyo."

Nikaridhika. Nikasema moyoni, fundi mwenye akili huyu. Amejaribu unga wake kwa mama kwanza, kama mimi ninavyojaribu mkasi kwenye kipande cha kitambaa.

Mimi huyo. Mtu ambaye sikati hata leso bila kupima.

Ijumaa ya wiki iliyofuata kijisanduku kilifika na basi. Kizibo kipya, laini, kinang'aa, na alama ndogo ya bluu ya upande wa kushoto. Nilikibusu. Kulikuwa na karatasi imebandikwa juu ya sanduku na sikuisoma, kwa sababu mtu mwenye furaha hasomi karatasi.

Nikaunganisha mrija, nikaweka betri, nikampelekea baba.

"Baba, tujaribu."

Nilimwandikia kwenye ubao wa watoto wa dada yangu, maana hakunisikia. Akausoma. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyefanya kazi ya hatari akiongea na mtu wa sindano.

"Baruti hatujaribie mu nyumba. Tunaweka, tunalipua."

Akakifunga kwenye leso. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku.

Jumamosi saa nne asubuhi, uani kwetu: viti vya plastiki, turubai ya kanisa, maharage jikoni, Directeur amefungwa kwa jirani. Tata Ngoyi akaingia na kofia na fimbo. Nyuma yake Stéphane, shati jeupe, jasho. Nyuma yake kaka zake wanne, na mbuzi wawili. Mmoja mnene anang'aa, mwingine mbavu nje.

Hao kaka wanne ni wachimbaji. Si wa kampuni. Ni wale wa kuingia kwenye mashimo kwa koleo na gunia, wakati mwingine mahali ambapo hawakualikwa. Mabwana wazuri sana, wanacheka vizuri, na mmoja amevaa suruali niliyomshonea mwenyewe.

Tata Ngoyi akasimama. Mimi nikakikaza kitenge changu kipya.

"Ba tata na ba mama. Tulikuyaka mwaka jana. Leo tumerudi. Tunalomba muzee atusikilize."

Baba akainua mkono: subirini. Akafungua leso polepole, akakitoa kifaa mbele ya watu wote, akakiingiza kizibo sikioni.

Kikaingia nusu, kikagoma.

Akasukuma. Akakizungusha. Kikabaki kimening'inia hapo mlangoni mwa sikio. Baba akawasha.

Fiiiiiiiiii.

Mtu anayejua vifaa hivi atakwambia: kizibo kisipoziba, sauti inatoka nje, inarudi kwenye kifaa, inatoka tena, inarudi, mpaka inakuwa filimbi. Na baba mwenyewe hasikii filimbi hiyo. Sauti nyembamba alizipoteza zamani. Alikuwa amekaa anatabasamu, amejiandaa.

Lakini wale wachimbaji walisikia.

Shimoni kuna mtu mmoja anakaa juu kuangalia. Akiona walinzi wanakuja anapiga filimbi. Ukisikia filimbi huulizi. Unakimbia.

Walikimbia.

Wa kwanza aliruka ukuta na mbuzi mnene kifuani, sijui kwa nini, labda mkono umezoea kutoroka na gunia. Wa pili aliingia chooni akafunga kwa ndani. Wa tatu alijitupa jikoni nyuma ya makaa. Wa nne, yule wa suruali yangu, alinasa juu ya ukuta, akaning'inia kwa mshono wa nyuma. Mshono haukuachia. Katikati ya maafa yote hayo nilijivunia kidogo.

Kwa jirani Directeur akaanza kulia kwa kufuatisha sauti.

"Muliita ba polisi?" tata Ngoyi akauliza, uso umebadilika rangi. "Tunaleta mahari, munaitia batoto wetu polisi?"

Baba akampungia mkono kwa ukarimu.

"Aksanti sana. Mukae tu."

Fiiiiiiiiii.

Tata Ngoyi akaokota kofia. Sikuhitaji aseme. Alisema tu hata hivyo.

"Hii ni mara ya pili. Stéphane, tunaenda."

Stéphane alinitazama. Mimi nikamtazama. Jamaa ana miaka thelathini na nne na alikuwa karibu kulia, na mimi nilikuwa nimeshaanza.

Nikamrukia baba, nikakichomoa kifaa sikioni. Kikaendelea kulia mkononi mwangu. Nikatafuta pa kukizima, nisipaone. Nikakimbilia kile kijisanduku, labda ndani kuna maelezo. Ndipo nikaisoma ile karatasi.

Mme MBELU. Sexe F. Oreille gauche. Bi Mbelu, mwanamke, sikio la kushoto.

Sexe F.

Sikio ya mwanamuke.

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumpiga mtu. Mtu huyo alikuwa mimi. Kizibo kile hakikuwa cha baba hata kidogo. Kilikuwa cha mama yangu, kwa kipimo, kila kona.

Mama aliona nimechanganyikiwa, akanyoosha mkono, kama anavyofanya siku zote ukiwa na kitu kinachokusumbua. Nikampa. Alikiangalia. Akakigeuza. Nadhani alilikumbuka lile umbo, kwamba ni ile bukari ya Baudouin imekauka.

Akakiingiza kwenye sikio lake la kushoto.

Kiliingia chote, bila kusukumwa.

Filimbi ikakatika.

Mama hakusogea. Kisha akageuza kichwa polepole kuelekea jikoni.

"Maharage inaongea," akasema.

Ilikuwa inachemka tu.

Akageuka kwa yule mbuzi mwembamba. Akageuka kwa mtoto aliyekuwa anaburuta kiti. Kila kilichotoa sauti alikigeukia. Akaweka kiganja mdomoni.

Mimi nilikuwa sijaelewa bado. Tata Ngoyi ndiye aliyenielewesha, bila kutaka.

Alikuwa karibu na geti na Stéphane. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kuwa alijua nyumba hii haina masikio:

"Ile mbuji ya mafuta ya kuruka, tukute nayo kule nje, tuibebe. Hii ya mifupa tubaachie, basiseme hatukubaheshimia. Hawa batu habasikiake, habatajua."

"Tata Ngoyi," mama akasema. "Minasikia."

Mzee akasimama.

"Mbuji zote mbili zinabaki. Na ile ya kuruka irudi na mulango, haiko nyani."

Nawaambia, hata aliyening'inia ukutani alicheka.

Tata Ngoyi alivua kofia. Aliyekuja kuhesabu matusi yetu sasa ametukana yeye, tena mama mkwe, tena siku ya mahari. Kwa mila yetu hilo ni jambo la kukaa chini na kuomba radhi. Akarudi kwenye kiti. Akakaa.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mama.

"Mama. Haukuwa unasikia?"

"Mm-mm."

"Tangu lini?"

"Tangu moulin," akasema. Mama alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi miaka ishirini na minne, kutwa amesimama pembeni ya ile kelele. "Ilienda polepole. Nilifikiri ni batu banaongea kiloko."

"Na mwaka jana? Baba aliposema mwizi wa camion?"

Macho yake yakajaa.

"Sikusikiaka hata kintu kimoya, mwana. Niliona tata yako anakasirika. Nilifikiri iko na haki. Nikatikisa kichwa."

Mwaka mzima. Mwaka mzima nilimpikia mama nikiwa nimenuna. Nilimsalimia kwa nusu mdomo. Nilimwambia dada yangu kwamba mama hanipendi, hataki niolewe. Na yeye alikuwa anatikisa kichwa tu, kwa adabu, kwa kila kitu, kwa kila mtu. Hata mtu alipokuja kumwekea unga sikioni.

"Juu ya nini haukusema?"

Mama akamtazama baba, ambaye alikuwa anatusubiri wote tumalize alichokuwa haelewi.

"Mu nyumba, batu babili kama habasikie, nani atafungua mulango? Mungeniweka mimi na yeye mu nyumba ya mutu. Nilisema acha hata mumoya aonekane anasikia."

Nililia, sina haya kusema. Nililia juu ya kitenge kipya na poda ikashuka yote.

Lakini bado kulikuwa na kazi. Baba alikuwa bado hasikii, na sharti lilikuwa ajibu mwenyewe.

Mama akavuta kiti, akakaa mbele ya baba, magoti kwa magoti. Wana miaka arobaini na moja ya ndoa, na kumbe kwa miaka mingi wale wawili wamekuwa wakisomana midomo bila mmoja kumwambia mwenzake. Tata Ngoyi akasema maneno yake upya. Mama akayasikia, akayarudisha kwa mdomo wake, polepole, na mikono.

Alipofika Fungurume, watu wote tulisogeza viti karibu.

Mama alishika usukani hewani. Akaonyesha lori. Akaonyesha mlima wa mawe. Kisha akatamka kwa mdomo mkubwa, silabi moja moja: fu-ngu-ru-me.

Baba akamkazia macho. Uso ukafunguka.

"Aaa. Fungurume."

"Ndiyo."

"Sasa mwaka jana juu ya nini balisema alifungwa?"

Tata Ngoyi alijifunika uso kwa kofia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sijui alicheka au alilia, lakini alitikisika muda mrefu.

Baba akanigeukia.

"Mianda. Tupokee bitu ya hawa batu? Nikile mbuji yabo, hautanitapisha?"

Nikatikisa kichwa: ndiyo.

"Hapana," baba akasema. "Usitikise kichwa. Sema. Mi nataka kuona mudomo."

"Pokea, baba."

Mara ya pili. "Pokea."

Mara ya tatu nilisema kwa nguvu mpaka aliyekuwa chooni akafungua mlango, akauliza kama walinzi wameshaondoka.

Mbuzi mwembamba tulimla siku hiyohiyo. Yule mnene alirudishwa kupitia getini, kama mama alivyoagiza, na mama akakataa asichinjwe. Anasema ndiye shahidi.

Jumatatu nilimpigia Elise. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akaweka simu chini, nikamsikia anawahadithia wenzake dukani. Aliporudi akaniomba radhi, nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyesikia "sikio ya mwanamuke" nikaona sawa. Baudouin akapita tena, akachukua umbo la sikio la baba, safari hii mimi nimesimama mlangoni na nimeshika dame ya jirani isichezwe.

Sasa nyumbani kuna kifaa kimoja na vizibo viwili. Wanapokezana, wakati tunajichanga tena kumtafutia mama cha kwake, kilichopimwa kwa sikio lake. Siku za kazi zimegawanywa vizuri, bila neno. Vita ni Jumapili, nani atasikia mahubiri. Baba alishinda Jumapili ya kwanza. Alirudi akasema kuanzia sasa mama ndiye awe anakwenda nacho.

Na kuna jambo moja ambalo baba aliniambia kwa siri, yaani kwa kuguruma mpaka mtaa wa pili ukasikia. Zamu ya mama inapoisha, akimkabidhi kifaa, yeye baba huwa anakivaa bila kukiwasha. Mama ana majibu ya miaka ishirini na anayatoa yote sasa.

Somo? Lipo.

Ukiagiza kitu cha kifaa cha sikio, taja namba ya kifaa, namba ya betri na unene wa mrija. Betri ya saa ni ya saa. Mpira wa baiskeli ni wa baiskeli. Sema kushoto au kulia, na usimpe simu mzee wako. Kikifika, soma karatasi, kijaribu siku hiyohiyo, baruti au si baruti.

Lakini hayo fundi atakwambia. La kwangu ni hili: mtu akikuitikia, usidhani amekusikia. Mimi niliishi na ndiyo za mama yangu, nikazijengea chuki, na hata moja haikuwa ndiyo.

Jana nilimwomba anilelee mtoto tuliyempata na Stéphane, wiki nzima, niende Mutshatsha kuuza nguo. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa zamu yake ya kifaa. Aliendelea kuchambua maharage, hakutikisa kichwa.

"Mama, ulisikia?"

"Nilisikia muzuri sana," akasema. "Sitaki."